Kabla ya kusema mita inakimbia, isome usiku

Mhariri,

Malalamiko ya ankara za maji na uniti za LUKU (umeme wa kulipia kabla) zinazoyeyuka hayakauki katika kurasa za barua, na huku kwetu Mwanza neno ni lilelile kuanzia Buhongwa hadi Pasiansi: mita inakimbia. Sisi ni mafundi wa bomba na umeme, na hatuandiki kuitetea mamlaka yoyote. Mita mbovu zipo. Ila nyumba nyingi zinazolalamika hazijawahi kuisoma mita yao saa ambazo hakuna mtu anayetumia chochote, na huko ndiko pa kuanzia. Kinachotumika mchana kina mwenyewe: mtu ameoga, amefua, amepika. Kinachotumika kati ya saa 4 usiku na saa 11 alfajiri, watu wakiwa wamelala, hakina mwenyewe. Hicho ndicho cha kusakwa kwanza.

Tuanze na maji. Mita ya kawaida ya nyumbani ina tarakimu nyeusi na nyekundu. Nyeusi ni uniti, yaani mita za ujazo, na uniti moja ni lita 1,000, sawa na ndoo 50 za lita 20. Nyekundu ni vipande vya uniti: ya kwanza mamia ya lita, ya pili makumi, ya tatu lita mojamoja. Ukikuta nyeusi 00347 na nyekundu 582, umesoma 347.582. Wapo wanaounganisha zote wakasoma laki tatu na ushee, kisha wakapeleka ugomvi dirishani. Ankara inahesabu nyeusi. Kwenye uso wa mita kuna pia kigurudumu kidogo chenye umbo la nyota au pembetatu. Hicho hakihesabu, kinaonyesha tu kwamba maji yanapita, na huzunguka hata kwa mtiririko mdogo ambao tarakimu zinachelewa kuuonyesha.

Kipimo cha uvujaji kinachosimuliwa na kila mtu ni kufunga mabomba yote, kusoma mita, kusubiri muda wa saa mbili, kisha kusoma tena. Kwa nyumba ya Mwanza kipimo hicho kinadanganya. Nyumba zetu nyingi zina simtanki juu ya mnara au juu ya slabu, kwa sababu ya mgao na kwa sababu vilimani maji hupanda vizuri usiku. Choo, bafu na jiko vinakula kutoka kwenye tanki, si moja kwa moja kutoka mtaani. Choo kikivuja, mita haikioni choo. Inaona tanki likijazwa. Na muda wote ambao boya halijashuka vya kutosha kufungua, mita itatulia kama iliyolala huku choo kinamwaga. Hapo mwenye nyumba anahitimisha kwamba hakuna uvujaji, kwa hiyo mita ni mbovu.

Vinatakiwa vipimo viwili, cha kabla ya tanki na cha baada ya tanki, na vyote vinafanyika usiku mmoja. Saa 4 usiku funga koki inayoingiza maji kwenye tanki. Kama haipo, fundi aiweke kwanza, maana bila koki hiyo hata kubadilisha boya ni lazima ufunge maji ya nyumba nzima. Hakikisha na bomba la uani limefungwa. Soma mita hadi tarakimu nyekundu ya mwisho, uandike. Panda kwenye tanki na ufito mkavu mnyoofu, uuzamishe hadi chini, utie alama pale maji yanapoishia. Alfajiri, kabla mtu hajagusa bomba wala choo, rudia vyote viwili.

Mita ikiwa imesogea, tatizo liko kwenye bomba kati ya mita na tanki. Ufito ukionyesha maji yameshuka, tatizo liko ndani ya nyumba. Kujua ni lita ngapi, zungusha futi ya fundi cherehani kwenye tanki upate mzingo kwa mita, uuzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa 12.57. Tanki lenye mzingo wa mita 3.4 linatoa 0.92, maana yake kila sentimita moja ya kina ni lita 9.2. Maji yakishuka sentimita 6 kwa usiku, umepoteza lita 55 ndani ya saa saba, na kwa siku nzima ni karibu lita 190. Kwa mwezi ni zaidi ya uniti tano na nusu ambazo hazijaoshea hata kikombe.

Mshtakiwa wa kwanza ndani ya nyumba ni tanki la choo, na hana kelele. Mpira wa chini ya tanki ukikakamaa au ukishika magamba, maji huteremka kwenye bakuli kwa utando mwembamba usioonekana. Tia rangi ya chakula au kijiko cha wino kwenye tanki la choo, usivute kwa nusu saa, kisha tazama bakuli. Rangi ikiwa imeshuka, mpira umekwisha. Kabla ya kununua mwingine, ufute na upapase kingo za tundu ambalo mpira huo hukalia. Mara nyingi kuna mchanga tu, au mnyororo umekuwa mfupi kiasi kwamba unauning'iniza mpira usikae. Mnyororo ulegezwe nusu sentimita. Kosa jingine ni boya la ndani ya tanki la choo kuwekwa juu mno, maji yakawa yanaingia kwenye bomba la katikati la kufurikia bila kukoma. Usawa unaofaa ni sentimita 2 hadi 3 chini ya mdomo wa bomba hilo. Choo cha zamani kinachotumia lita 9 au zaidi kwa kila mvuto kinaweza kupunguziwa kwa kuweka ndani chupa ya lita 1.5 iliyojaa mchanga na maji, kifuniko kikazwe. Usiweke tofali: linamomonyoka, na unga wake ndio unaoharibu mpira.

Mshtakiwa wa pili ni boya la simtanki, na huyu anafanya kazi yake usiku. Mji ukilala matumizi hupungua, presha ya bomba la mtaani inapanda, na boya lililokuwa linafunga vizuri mchana linashindwa kuhimili. Maji yanafurika, yanateremka kwenye mwamba nyuma ya nyumba, na kufikia asubuhi jua limekausha ushahidi. Hapa tuna ombi kwa kila anayejenga: bomba la kufurikia lisiishie nyuma ya ukuta. Literemshwe hadi mbele ya dirisha la chumba cha kulala, na chini yake liwekwe bati. Hakuna anayeendelea kulala maji yakipiga bati saa 8 usiku.

Boya lenyewe likichoka, fungua utazame washa, yaani kipande cha mpira kinachoziba maji, iliyo mwishoni mwa mkono. Ukiikuta ina mfereji wa duara uliochimbika katikati, igeuze upande wa pili kama hali inaruhusu, au ununue mpya. Si lazima boya zima. Boya la plastiki likiingia maji linakuwa zito na halielei tena: litikise, ukisikia maji ndani litupe. Mkono wa shaba upindwe kidogo chini ili maji yakatike sentimita 5 kabla ya tundu la kufurikia.

Kisha bomba la nje. Vilimani, kama Mabatini, Igogo, Bugarika na Isamilo, huwezi kuchimba mtaro, kwa hiyo mabomba yanalala juu ya mawe. Kila mara presha inapoingia bomba linajinyoosha, ikiondoka linarudi, na pale linapovuka ukingo wa jiwe linasagika polepole hadi linatoboka upande wa chini usioonekana. Chukua kipande cha bomba kuukuu lenye kipenyo kikubwa zaidi, kipasue kwa urefu, ukivalishe pale linapogusa jiwe, ufunge kwa mpira wa tairi. Waya hapana, utakata. Viungo vya nyuzi vizungushiwe tepu mara 10 hadi 15 kuelekea upande wa kukazia. Ukizungusha kinyume tepu inafumuka wakati unakaza, na hilo ndilo kosa la vijana wengi wanaojifunza kazi. Bomba jeupe la plastiki lisilofunikwa linakauka kwa jua na kupasuka kama mfupa. Jeusi linavumilia, na faida yake ndogo ni kwamba mchana wa jua linatoa maji ya uvuguvugu bure; anayeoga saa 9 alasiri haihitaji hita.

Bomba linalotona tone moja kwa sekunde linajaza takriban ndoo moja ya lita 20 kwa siku. Washa yake ni ya bei ndogo, ila watu huikaza koki kwa nguvu badala ya kuibadilisha, na kukaza huko ndiko kunakokata kitako cha shaba ambacho washa hukalia. Kitako kikishachubuka, washa mpya haisaidii.

Sasa upepo. Hakuna hoja inayopendwa zaidi: maji yakirudi baada ya mgao, upepo unaizungusha mita. Ni kweli unaizungusha. Ila tupige hesabu. Bomba la kipenyo cha ndani cha milimita 20 lenye urefu wa mita 60 linabeba karibu lita 19, haifiki ndoo moja. Maji yakikatika mara 12 kwa mwezi, upepo wa bomba lako wote ni lita 228, chini ya robo ya uniti. Aliyepata ongezeko la uniti 15 asiulaumu upepo huo. Malalamiko yenye mguu ni ya wale walio kwenye kilele cha laini, kwa sababu hewa ya bomba kubwa la mtaa mzima hukusanyika juu na kutafuta pa kutokea. Dawa yake ni valvu ya kutolea hewa kwenye kilele cha laini, na hiyo ni kazi ya mamlaka. Wakazi waiombe kwa maandishi, mtaa mzima, si mmoja mmoja. Mwenye nyumba naye afunge koki ya baada ya mita maji yanapokatika, ayafungue taratibu yakisharudi na kusikika yanapita. Hilo linasaidia jambo jingine pia: bomba la mtaani likiwa tupu linanyonya, na mpira uliosahauliwa ndani ya ndoo ya nguo unaweza kurudisha maji machafu kwenye laini ya majirani.

Kama baada ya yote haya bado unaishuku mita, ipime. Ndoo inayouzwa kama ya lita 20 ikijazwa hadi ukingoni inaweza kubeba zaidi ya 20, hivyo usiiamini kwa macho. Ijaze kwa kipimo cha lita moja, hesabu 20, tia alama ya msumari pale maji yanapoishia. Kisha soma mita, chota ndoo tano kwa alama hiyo kutoka bomba linalotoka moja kwa moja kwenye mita, soma tena. Nyekundu zinatakiwa kusogea lita 100. Ikisoma 97 au 103, kosa ni la mkono wako. Ikisoma 110, rudia mara tatu, na ikirudia hivyo una hoja ya kupeleka.

Matumizi halali nayo yana kiasi chake. Shirika la Afya Duniani linataja lita 50 hadi 100 kwa mtu kwa siku kuwa zinatosha mahitaji mengi ya msingi. Nyumba ya watu watano basi ingekuwa kati ya uniti 7.5 na 15 kwa mwezi. Ukiwa juu ya hapo na usiku mita imelala, mkosaji yuko bafuni. Weka ndoo ya lita 10 chini ya shawa, hesabu sekunde. Ikijaa kwa dakika moja, basi kuoga kwa dakika 10 ni lita 100, wakati anayeoga kwa ndoo anamaliza na 15 hadi 20. Mvua nayo isipite bure: milimita moja juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 60, mvua ya milimita 20, ukitoa moja ya tano inayopotea, ni lita 960. Maji ya mwanzo yaachwe yamwagike yasafishe vumbi na kinyesi cha ndege. Kuchota ziwani ili kuokoa ankara tunakushauri uache: kuna kichocho. Anayelazimika, maji ya kuogea yakae kwenye chombo kilichofunikwa siku mbili kwanza, na konokono wasiingie.

Kuna kamba inayofunga maji na umeme ambayo watu wa vilimani wanaijua miguuni. Kuinua uniti moja ya maji mita 100 juu kunahitaji angalau uniti 0.27 za umeme, na kwa pampu halisi inayopoteza ni zaidi ya hapo. Kwa hiyo choo kinachovuja juu ya kilima kinamwaga umeme pia. Nyumba yenye pampu yake, kutoka tanki la chini kwenda la juu, ifunge swichi ya boya kwenye matanki yote mawili: la juu izime likijaa, la chini izime likikauka. Pampu inayozunguka bila maji inaunguza sili, yaani kizibo cha ndani kinachozuia maji, ndani ya dakika chache. Na ile ya presha ikisikika inawaka na kuzima usiku wakati hakuna aliyefungua bomba, usimwite fundi umeme, kuna uvujaji mahali.

Sasa LUKU. Mita ina taa ndogo nyekundu inayopepesa, na pembeni yake pameandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti, kwa mfano 1000 imp/kWh. Hiyo taa ni kipimo kizuri kuliko kifaa chochote cha kununua. Kwa mita ya 1000, gawanya 3,600 kwa sekunde zilizopita kati ya mpepeso na mpepeso. Jibu ni wati zinazotumika sasa hivi. Sekunde 30 ni wati 120. Sekunde 60 ni wati 60. Mita ya 1600 gawanya 2,250 badala ya 3,600. Mpepeso mmoja tu kwa dakika kwenye mita ya 1000, ukiachwa mchana na usiku, ni uniti 43 kwa mwezi.

Uzito wa 43 unautegemea ushuru wako. Kwa bei zilizoanza 2016, mteja wa D1 (nyumba ya matumizi madogo) alilipa Sh100 kwa uniti hadi uniti 75 kwa mwezi, na Sh350 kwa kila iliyozidi. Mteja wa T1 (matumizi ya kawaida) alilipa Sh292. Ukiongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (wakala wa nishati vijijini) asilimia 3 na ya EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, zilikuwa Sh122, Sh427 na Sh356. Uniti 75 za D1 zilikuwa Sh9,150, na ya 76 iliruka. Wengi wanaosema LUKU imewaibia wamevuka 75 bila kujua, au wamenunua mara ya kwanza ya mwezi ikakatwa kodi ya jengo. Usihesabu kwa kichwa: chukua risiti yako, toa makato ya kodi ya jengo, gawanya fedha iliyobaki kwa uniti ulizopata, na hiyo ndiyo bei yako. Nayo kodi hiyo ni ya mwenye nyumba. Mpangaji aliyekatwa atunze ujumbe adai kwenye kodi ya pango.

Usiku, chomoa kila kitu isipokuwa friji, zima taa zote, nenda ukaitazame ile taa nyekundu. Friji ikinguruma utapata wati 100 hadi 150. Ichomoe nayo. Sasa mita inatakiwa ikae kimya. Ikiendelea kupepesa, zima saketi breka moja baada ya nyingine hadi ikome. Hiyo iliyokomesha ndiyo yenye mdudu, pengine taa ya nyuma iliyosahauliwa, pengine waya uliochubuka ukutani unaovujisha kwenda ardhini. Ikiendelea hata baada ya kuzima main swichi, usiguse chochote. Kuna kitu kimeunganishwa kati ya mita na main swichi, na hapo waitwe TANESCO.

Mara nyingi kinachopatikana ni cha kawaida tu. Dekoda iliyozimwa kwa rimoti bado inakula, nyingine wati 10 na zaidi, izimwe ukutani. Taa za ulinzi nne za LED za wati 9 kwa saa 12 ni uniti 13 kwa mwezi. Zilezile zikiwa za wati 60 za waya ni uniti 86, yaani taa peke yake zimemaliza D1 na kuvuka. Friji ipimwe kwa karatasi: fungia karatasi mlangoni, ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umelegea pale. Zunguka mlango mzima, maana mpira huanza kuachia kwenye kona ya chini upande wa bawaba. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kabla ya kuhukumu, kwa kuwa mafuta ya samaki na sukari ya juisi huugandisha ukakunjika. Nyuma ya friji paachwe sentimita 10, na barafu ikifikia unene wa nusu sentimita iyeyushwe bila kisu. Tumeona sangara wengi wakiliwa na majirani usiku mmoja kwa sababu ya kisu kilichotoboa friji.

Joto ndilo linalokula kuliko vyote. Shawa ya umeme ya wati 5,500 kwa dakika 10 inatumia uniti 0.9. Lita 15 kutoka nyuzi 24 hadi 40 zinahitaji uniti 0.28 tu, ndiyo maana ndoo moja iliyochanganywa inatumia chini ya theluthi ya shawa. Hita ya kuchovya izimwe ukutani na kuchomolewa kabla ya mkono kuingia majini, bila mjadala.

Maji ya kunywa yanapotezewa nishati bila sababu. Wapo wanaoyaacha yachemke dakika 15 na 20. Ufukwe wa Ziwa Victoria uko takriban mita 1,134 juu ya bahari, hapa maji yanachemka karibu nyuzi 96, na dakika moja ya kutokota kwa mapovu makubwa inatosha kuua vijidudu. Dakika 3 ni za walio juu ya mita 2,000. Dakika 15 za ziada kwenye koili ya wati 2,000 ni nusu uniti kwa sufuria moja, na vijidudu vilishakufa zamani. Maji yenye tope yatulizwe na kuchujwa kwa kitambaa kabla, si kuchemshwa zaidi. Maharage nayo yalowekwe usiku, na jiko la presha la umeme la lita 6 huyaivisha nusu kilo kwa chini ya uniti moja. Soma LUKU kabla na baada, uthibitishe mwenyewe.

Kwa wapangaji wa vyumba vinavyochangia LUKU moja, ushauri wote huu unagonga ukuta. Mchango ni sawa kwa chumba, mwenye friza na mwenye balbu moja wanatoa elfu tano tano, basi nani azime taa? Zifungwe mita ndogo, moja kwa kila chumba, zikikaa pamoja kwenye ubao mmoja barazani kila mtu aone. Tarehe 1 zinasomwa zote mbele ya watu wawili. Jumla ya mita ndogo itakuwa pungufu kidogo ya LUKU; tofauti hiyo ni taa za nje na inagawanywa sawa. Tofauti ikizidi taa za nje, kuna anayevuta umeme kabla ya mita yake. Mita ndogo haibadilishi ushuru: vyumba sita kwenye LUKU moja vitavuka 75 daima, hata kama kila chumba kinatumia 20.

Daftari la haya yote halihitaji ufundi. Safu sita: tarehe, saa, usomaji wa maji, uniti za LUKU zilizobaki, uniti zilizonunuliwa, watu waliolala. Matumizi ya umeme ni salio la jana, jumlisha ulichonunua, toa salio la leo. Saa iwe ileile kila siku, na safu ya watu isirukwe, maana wageni wa msiba wanaongeza uniti na hakuna uvujaji hapo. Ankara ikija kubwa, tazama kama imeandikwa kwa makisio kwa sababu msomaji alikuta geti limefungwa au mbwa yuko nje. Linganisha usomaji wake na wa daftari lako tarehe hiyohiyo. Malalamiko yaanze kwa mtoa huduma kwa maandishi, nakala ibaki kwako ikiwa na mhuri wa kupokelewa, ndipo yaende EWURA yasipojibiwa. Ambatanisha siku 14 za daftari na matokeo ya ndoo tano. Fundi wa mamlaka akija kuikagua mita, isomeni pamoja hadi nyekundu ya mwisho, naye atie sahihi kwenye daftari kabla hajaigusa.

Fundi bomba na fundi umeme,
Nyakato, Mwanza.